Kontena Limefika, Mtoto Je?

Arusha umekuwa mji wa wapitanjia kwa muda mrefu. Mwaka 1995, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipoanza kazi mjini hapo, walikuja majaji, mawakili, wakalimani na makarani kutoka mabara mbalimbali, na wengi wao hawakuja peke yao. Mahakama ile ilifungwa mwisho wa 2015, lakini wageni hawakwisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ina nchi wanachama 8, ina makao yake makuu hapo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007. Na ukishuka hadi Moshi utaikuta shule ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wataalamu waliokuja kwa kazi ya hospitali ya KCMC. Ng'ambo ya mpaka, Nairobi ina hadithi kama hiyo tangu Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipoweka makao yake Kenya miaka ya 1970. Katika miji hii wanakua watoto wanaopata tabu kujibu swali jepesi la "kwenu wapi?" Fikiria mwenye pasipoti ya Burundi, aliyezaliwa Arusha, anayesoma kwa Kiingereza, anayecheza na kugombana kwa Kiswahili, na ambaye bibi yake akimpigia simu kutoka Gitega kwa Kirundi huelewa nusu, kisha hujibu kwa kicheko.

Familia hizi zikizungumzwa, mazungumzo huishia kwenye shule, nyumba na ulinzi. Shule ipi ina mtaala mzuri, tupange mtaa wa Njiro au wa Sakina, geti lina walinzi wangapi. Ni maswali ya msingi na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kuyauliza. Hata hivyo yanaacha nje jambo lenye uzito mkubwa zaidi kwa mtoto, nalo ni kuondoka. Afisa wa ngazi ya kitaalamu katika Sekretarieti ya Jumuiya huajiriwa kwa mkataba wa miaka 5 unaoweza kuongezwa mara moja tu. Maana yake ni kwamba siku familia inapofungua mizigo, mwaka wa kuifunga tena umeshajulikana. Na si familia hiyo peke yake. Rafiki wa mtoto darasani naye mama yake ana mkataba, mwalimu wa hesabu ana mkataba, kocha wa kuogelea yumo kwenye mradi unaoisha. Mtoto anaweza asihame hata mara moja na bado akaachwa na watu kila shule inapofunga mwaka. Waajiri wakubwa wamelifikiria jambo hili kwa upande wa vitu: tiketi za ndege, posho ya mizigo, kontena, mchango wa ada ya shule. Kwa upande wa watu ambao mtoto anawaacha, sijaona kipengele. Ninachodai hapa ni kwamba ustawi wa watoto hawa hutegemea zaidi namna watu wazima wanavyoishughulikia safari ya kuondoka kuliko uzuri wa mahali wanapoishi, na kwamba kazi hiyo haiwahusu baba na mama peke yao.

Tuanze na uzito wa kuhama kwenyewe. Roger Webb wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake walitumia kumbukumbu za serikali ya Denmark kufuatilia maisha ya watu zaidi ya milioni 1.4 waliozaliwa kati ya 1971 na 1997, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Waliohama utotoni, hasa waliohama zaidi ya mara moja katika mwaka mmoja, na hasa wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 14, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua maradhi ya akili, kutumia dawa za kulevya na kujaribu kujiua walipokuwa watu wazima. Kwa upande wa masomo, mtafiti wa elimu John Hattie alipokusanya maelfu ya tafiti katika kitabu chake cha mwaka 2009 na kupanga mambo 138 kwa jinsi yanavyomwinua au kumshusha mwanafunzi, kuhamahama shule ndiko kulikoshika mkia. Nao Shigehiro Oishi na Ulrich Schimmack, waliochunguza zaidi ya Wamarekani 7,000 watu wazima, waliandika mwaka 2010 kwamba waliohama mara nyingi utotoni walikuwa na furaha ndogo zaidi ukubwani ikiwa kwa tabia ni watu wakimya. Wachangamfu hawakuonyesha dosari hiyo. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja msemaji na mwingine wa kukaa pembeni, ana sababu ya kuusoma utafiti huo mara mbili.

Takwimu hizi zina mipaka yake, na ni haki kuitaja. Denmark si Arusha, na wale waliohesabiwa walihama ndani ya nchi yao, si kutoka bara hadi bara. Tena familia nyingi huhama kwa sababu jambo limekwisha kuharibika, kama talaka, madeni au kufukuzwa kazi, kwa hiyo huwezi kuubebesha uhamaji lawama zote. Lakini kuna jambo moja katika utafiti wa Denmark linalozuia mtu kuutupa kando: mwelekeo ule ulionekana kwa familia za vipato vyote, za juu, za kati na za chini. Fedha haikuwakinga watoto wa wenye nacho.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa pingamizi la kwanza, ambalo ni kali na lina haki yake. Msomaji atasema: hawa ni watoto wa wanaolipwa kwa dola, wenye bwawa la kuogelea shuleni, na sisi tuna watoto wanaokaa chini darasani, kwa nini tuwalilie wao? Simwombi mtu awalilie kuliko wengine. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka 9 aliyepoteza rafiki yake wa pekee hajui kiwango cha mshahara wa baba yake. Zaidi ya hapo, jamii ya kimataifa haikuanza wala haiishii kwenye nyumba za mabalozi. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, imelea kizazi kizima cha watoto wa Kikongo waliozaliwa humo, wakakua wakizungumza Kiswahili, kisha baadhi yao wakapelekwa kuanza maisha mapya Marekani na kwingineko. Nao huacha marafiki, walimu, na mara nyingi bibi au shangazi ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha moja na lao. Hawana kontena wala posho. Wanachohitaji wakati wa kuondoka, hata hivyo, ni kilekile anachohitaji mtoto wa hakimu, na sehemu kubwa yake haiuzwi.

Pingamizi la pili husikika zaidi, na ndilo linaloleta madhara zaidi: watoto huzoea upesi. Wiki mbili tu, utamwona anacheza. Ni kweli utamwona anacheza. Lakini tunalijua jambo hili vizuri zaidi tangu James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi na mtaalamu wa saikolojia ya watoto John Bowlby katika kliniki ya Tavistock jijini London, alipokaa kwenye wodi za watoto na kuangalia wanavyoishi mbali na mama zao, wakati ambapo hospitali za Uingereza ziliruhusu wazazi kuja kwa nadra sana. Aliona mtoto akilia na kuita. Kisha akinyamaza na kunywea. Kisha akichangamka, akila, akiwatabasamia wauguzi. Wauguzi walisema amezoea. Mama alipokuja, mtoto hakumtazama. Filamu ya Robertson ya mwaka 1952 iliwaonyesha madaktari kwamba ule utulivu ulikuwa umegharimu kitu, na kufikia 1959 ripoti rasmi iliitaka serikali ya Uingereza ifungue wodi kwa wazazi. Mtoto aliyehamia nchi mpya na wazazi wake hayuko katika hali nzito kama ile, wala sizilinganishi. Somo linalobaki ni kwamba ukimya wa mtoto ni ushahidi dhaifu wa kupona, na mtu mzima anayeutegemea anajifariji mwenyewe.

Mtaalamu mwingine wa kundi hilohilo, Mary Ainsworth, alifanya kazi yake ya mwanzo karibu nasi kabisa. Miaka ya 1954 na 1955 alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akitembelea familia 26 za Waganda, na kitabu alichokiandika kuhusu watoto wachanga wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Wengi wanamkumbuka kwa aliyoyasema juu ya mama na mtoto. Lakini vijijini kule aliona pia kwamba mtoto hujifunga kwa watu zaidi ya mmoja: baba, bibi, kaka au dada mkubwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Mkono mmoja haulei mwana, na hilo tulikwisha kuambiwa. Sasa tuulizane: katika nyumba za miji yetu ya kimataifa, huo mkono wa pili ni wa nani?

Mara nyingi ni wa dada wa kazi. Yeye ndiye anayemwamsha mtoto, anayejua kwamba uji ukifanya utando juu haunywi, anayejua kwamba kiatu cha kushoto ndicho kinachombana, anayemsubiri basi la shule getini saa tisa. Wazazi wakisafiri kwa mikutano, Kigali wiki hii na Juba wiki ijayo, yeye habanduki. Kwa mtoto aliyekuja na umri wa mwaka mmoja na kuondoka na miaka sita, huyu ni mtu aliyekuwepo kila siku ya maisha anayoyakumbuka. Na anaachwaje? Hupewa mshahara wa mwezi wa mwisho, godoro na masufuria ambayo hayakuingia kwenye kontena, kisha huondoka mchana mtoto akiwa shuleni, kwa sababu watu wazima wameamua kwamba hivyo ndivyo mtoto hatalia. Mtoto anarudi, anamwita, anaambiwa dada amekwenda kwao. Nani alimuaga nani? Nia ya wazazi ni njema, lakini mtoto anachojifunza hapo ni kwamba watu wanaweza kutoweka bila neno, na kwamba kuuliza habari zao kunawakera wakubwa. Naye dada, aliyemlea mtoto wa mwenzake huku pengine wake akilelewa na bibi kijijini, anastahili kuagwa kama mtu wa nyumba. Kama kuna jambo moja katika makala hii ningependa libadilike mwezi huu, ni hili.

Utafiti juu ya watoto wanaokulia nje ya nchi zao una historia ya miaka kama 70. Mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem na mumewe John waliwachunguza Wamarekani walioishi India miaka ya 1950, na ni Useem aliyewatambua watoto hawa kama kundi lenye desturi zake, ambazo si za wazazi wala si za wenyeji. David Pollock na Ruth Van Reken waliandika kitabu kilichosomwa sana juu yao mwaka 1999, na sehemu yake yenye nguvu zaidi inahusu huzuni isiyopewa nafasi: kila kuhama kuna msiba mdogo ambao haukufanyiwa matanga. Pollock alipendekeza mambo manne ya kufanywa kabla ya kuondoka: kupatana na uliogombana nao, kuwashukuru waliokufaa, kuaga watu na mahali, na kuanza kufikiria kule unakokwenda.

Mtu aliyekulia pwani yetu akiyasoma hayo manne atayatambua mara moja. Pwani hii ilikuwa jamii ya kimataifa karne nyingi kabla ya kuwapo Umoja wa Mataifa. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Watu walikaa miezi kadhaa, wakaoa, wakazaa, wakaondoka, wengine wakarudi. Jamii inayoishi na safari za namna hiyo hujitungia taratibu zake. Msafiri hatoweki kimyakimya. Huzunguka nyumba kwa nyumba, huomba radhi kwa aliowakosea kwa kujua na kwa kutojua, husomewa dua, hupikiwa, kisha husindikizwa. Anayekwenda Hija hufanya hivyo hadi leo. Na bara nako mgeni hatoki peke yake hadi barabarani. Mwenye nyumba humsindikiza, na watoto hutangulia na mizigo. Walichokigundua wataalamu kwa utafiti, sisi tunacho kama desturi ya kila siku. Ajabu ni kwamba familia zetu zikiingia katika maisha ya mikataba huiacha desturi hiyo pamoja na masufuria, na badala yake huandaliwa tafrija moja ya ofisini ambako baba hupewa saa ya ukutani na mtoto hachukuliwi.

Kuirudisha hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtoto aambiwe mapema, kwa maneno ya kweli, na apewe nafasi ya kuaga kwa miguu yake mwenyewe. Mwache aende kwa mama wa gengeni aliyekuwa akimwongezea embe moja juu ya bei, kwa fundi aliyemzibia baiskeli, kwa mlinzi aliyemfundisha kucheza bao, kwa mwalimu aliyemkaripia. Kama amegombana na rafiki, asaidiwe kupatana kabla ya siku ya mwisho, maana ugomvi ulioachwa Arusha hautamalizwa Brussels. Akilia, aachwe alie. Mtu atasema siku hizi kuna simu, watapigiana kwa video kila jioni. Simu inasaidia sana, nami siidharau; inaweza kumfanya dada au rafiki abaki kuwa mtu badala ya kuwa kumbukumbu. Lakini simu huendeleza uhusiano ambao umeagwa vizuri. Mtoto ambaye hakuaga huwa hapigi, kwa sababu hajui aanze na lipi.

Yapo pia mambo yasiyobaki nyuma, na hayo ndiyo yanayomshika mtoto anapofika ugenini. Lugha ya nyumbani ni moja. Mtafiti wa lugha Annick De Houwer aliuliza familia 1,899 za Ubelgiji, sehemu inayotumia Kiholanzi, ambamo walau mzazi mmoja alikuwa na lugha nyingine, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2007 takribani familia moja kati ya nne ilikuwa na watoto wasiozungumza lugha hiyo nyingine kabisa. Watoto walioipata zaidi ni wale ambao wazazi wote wawili waliizungumza nyumbani. Lugha haijirithishi kama rangi ya macho. Mzazi Mnyarwanda anayemsemesha mwanawe Kiingereza mjini Arusha ili ashike masomo, kisha mkataba unaisha na kurudi Kigali, anamrudisha mtoto mahali ambako kila mtu anamwita wa nyumbani na yeye hawezi kuzungumza na babu yake. Jingine ni habari za ukoo. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao, kama vile wazazi walikutania wapi na babu zao walikulia wapi. Waliojua zaidi walijiamini zaidi na waliona maisha yao yako mikononi mwao zaidi. Kuzijua habari hizo hakumponyi mtoto kwa kukariri. Huenda familia zinazosimuliana ndizo zenye utulivu tangu mwanzo. Lakini kusimulia wakati wa chakula cha usiku hakugharimu kitu, na mtoto anayejua kwamba bibi yake naye alihama, akaanza upya, akapata marafiki, amejifunza jambo kuhusu yeye mwenyewe.

Wapo watakaosema nimechora upande wa giza tu, kwamba watoto hawa hupata lugha tatu, hupoteza woga wa wageni na huona dunia mapema. Nakubaliana nao kabisa. Faida hizo ni za kweli, na ndizo zinazonifanya nisiwashauri wazazi wakatae kazi za nje. Ila faida hizo hazifuti huzuni, na mtoto anayeambiwa kila mara ana bahati hujifunza kuificha.

Sasa wenye madaraka. Mwaka wa shule nchini Tanzania na Kenya huanza Januari. Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Shule nyingi za kimataifa huanza Agosti. Anayehamishwa Machi kwa sababu nafasi imepatikana Machi humtoa mtoto darasani katikati ya mwaka, humwingiza kwingine mwishoni mwa mwaka wa wenzake, na pengine humpotezea mwaka mzima. Mwajiri anayeweza kulipia kontena anaweza pia kusogeza tarehe kwa miezi mitatu kwa mfanyakazi mwenye mtoto wa miaka 12 hadi 14, umri ambao takwimu za Denmark zinautaja kwa mkazo. Anaweza kumpa taarifa nusu mwaka kabla, na kumsaidia mwenzi wake kupata kibali cha kazi, kwa sababu mama aliyeacha kazi Kampala na kukaa miaka mitano bila shughuli Arusha ana huzuni yake ya kubeba kabla hajaibeba ya mtoto. Shule nazo zimepewa mwongozo: Douglas Ota, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika shule ya kimataifa nchini Uholanzi, aliandika mwaka 2014 kitabu kizima kinachozitaka shule za namna hiyo ziwe na watu na utaratibu wa kudumu wa kupokea, kuaga, na kuwaangalia wanaobaki. Hao wanaobaki husahauliwa sana. Mtoto mwenyeji ambaye kila mwaka humpa rafiki mpya moyo wake na kila mwaka humpoteza, ipo siku ataacha kuutoa, na mgeni anayefuata atakaa peke yake wakati wa mapumziko.

Kama mkataba wako unaisha mwakani, mwambie mwanao wiki hii, kabla hajasikia kwa mtoto wa mwenzako. Iandike tarehe kwenye kalenda ya jikoni aione. Omba uondoke shule ikifunga, na uombe kwa maandishi. Mwache dada awepo hadi asubuhi ya safari, mketi naye chai ya mwisho nyote, na namba yake ya simu iwe kwenye daftari la mtoto, si kwenye simu yako tu.